Sauti Ndogo katika DVD Iliyochomwa Nyumbani: Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Utangulizi

Kila aliyewahi kuchoma DVD kwa kompyuta anaijua kasoro hii: picha ni safi, lakini sauti ni ndogo. Unapandisha sauti ya TV hadi juu kabisa na bado maneno hayasikiki vizuri. Ukirudi kwenye kipindi cha kawaida, TV inapiga kelele hadi majirani wanashtuka.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho wa mada. Umerekodi mahafali ya shule yenu kwa kamera. Umehariri, umechoma DVD moja ya majaribio na umeiweka kwenye deki ya nyumbani. Vigelegele vinasikika vizuri, lakini risala ya wahitimu ni kama inasomwa chumba cha pili. Kesho unatakiwa kuchoma nakala 30 za wazazi ambao wameshalipa. Ukikisia chanzo na ukakosea, utaharibu diski 30 pamoja na uaminifu wako.

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(i) kueleza njia inayopitwa na sauti kutoka kipaza sauti hadi spika;
(ii) kutumia majaribio manne kubaini hatua yenye kasoro;
(iii) kukokotoa mabadiliko ya sauti kwa desibeli;
(iv) kutaja sababu kuu za sauti ndogo na tiba ya kila moja;
(v) kujibu swali la kutafuta hitilafu kwa mpangilio unaoeleweka.

1. Njia ya sauti

Sauti unayoisikia kwenye TV imepita hatua nyingi. Zikariri kwa mpangilio huu:

(a) kipaza sauti na waya wake;
(b) kamera;
(c) faili asilia lililohamishiwa kwenye kompyuta;
(d) programu ya kuhariri;
(e) usimbaji, yaani kuigeuza sauti iwe katika muundo unaokubaliwa na DVD;
(f) diski yenyewe;
(g) deki;
(h) waya, kisha TV au sabufa.

Sauti inaweza kupungua katika hatua zaidi ya moja. Hata hivyo kanuni ni rahisi: kasoro ipo kati ya hatua ya mwisho ambayo sauti bado ni nzuri na hatua ya kwanza ambayo sauti imeshakuwa ndogo. Kazi yako ya kwanza ni kuupata mpaka huo. Usiguse kitufe chochote cha kuongeza sauti kabla ya kuupata.

2. Majaribio manne

Jaribio la 1. Weka kwenye deki hiyohiyo DVD halisi ya filamu au maigizo iliyonunuliwa dukani. Usibadilishe sauti ya TV. Sikiliza sehemu ya watu wanaozungumza. Ikiwa nayo ni ndogo, diski yako haina kosa. Kasoro iko kwenye (g) au (h).

Jaribio la 2. Cheza DVD yako kwenye kompyuta. Ikiwa kwenye kompyuta ni nzuri na kwenye deki ni ndogo, chunguza usimbaji na mipangilio ya deki, yaani (e) na (g).

Jaribio la 3. Kwenye kompyuta hiyohiyo, cheza faili ulilolihariri kabla halijasimbwa kuwa DVD. Ikiwa faili ni zuri na DVD ni ndogo, sauti ilipotea kwenye (e).

Jaribio la 4. Cheza faili asilia lililotoka kwenye kamera. Ikiwa asilia ni zuri na lililohaririwa ni dogo, kosa ni la kuhariri, (d). Ikiwa asilia nalo ni dogo, kosa lilitokea siku ya kurekodi, (a) au (b).

Mambo matatu ya kuzingatia:

Kwanza, linganisha mazungumzo na mazungumzo. Usilinganishe DVD na CD ya muziki. CD za muziki wa kisasa kwa kawaida hutengenezwa zikiwa na sauti kubwa sana, wakati filamu huachiwa nafasi ya milipuko na vishindo. Tofauti hiyo si hitilafu.

Pili, programu kama VLC huruhusu sauti kupandishwa kupita asilimia 100. Hakikisha iko 100 kamili katika kila jaribio, la sivyo utajidanganya.

Tatu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na mpangilio wa deki kwa pamoja na sauti ikapanda, hutajua ni kipi kilichoitengeneza.

3. Je, diski au uchomaji unaweza kupunguza sauti?

Hapa watahiniwa wengi huteleza. Wengi hujibu kwamba diski ni hafifu, au kwamba kompyuta ilichoma kwa kasi kubwa mno. Jibu hilo si sahihi.

DVD husomwa kwa mwali wa leza nyekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Mwali huo haupimi ukubwa wa sauti. Unasoma alama zinazowakilisha tarakimu 0 na 1, na deki ndiyo inayozigeuza tarakimu hizo kuwa sauti. Ikiwa diski imechubuka au imechomwa vibaya, baadhi ya tarakimu hazisomeki. Matokeo yake ni picha kuganda, vipande vya picha kuvurugika, sauti kukatikakatika au diski kukataliwa kabisa. Sauti haipungui taratibu kama redio yenye betri zilizochoka.

Kwa hiyo, kuchoma tena faili lilelile kwenye diski ya bei kubwa hakutaongeza sauti hata kidogo.

Kosa linalofanana na hilo ni kudhani kwamba sauti ni ndogo kwa sababu faili limebanwa. Sauti ya DVD isiyobanwa huchukua sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, kwa chaneli mbili:

48,000 × 16 × 2 = biti 1,536,000 kwa sekunde

Sauti hiyohiyo ikisimbwa kwa muundo wa Dolby Digital inaweza kutumia biti 192,000 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya nane. Kubana kupita kiasi huharibu ubora: sauti huwa na mikwaruzo au hukosa uhai. Lakini ubora ni jambo moja na ukubwa wa sauti ni jambo jingine. Usiyachanganye.

4. Desibeli: kupima badala ya kukisia

Ndani ya kompyuta sauti ina dari. Kiwango cha juu kabisa kinachoweza kuandikwa kinaitwa kiwango kamili, na hupewa thamani ya desibeli 0. Viwango vyote vya chini yake huwa hasi. Mabadiliko hukokotolewa hivi:

Desibeli = 20 × log (kilele kipya ÷ kilele cha zamani)

ambapo log ni ya kizio 10, na kilele ni urefu mkubwa kabisa wa wimbi.

Mfano. Kilele cha sauti katika faili ni 0.25 ya kiwango kamili. Je, sauti inaweza kuongezwa desibeli ngapi bila kuvuka dari?

Suluhisho:
20 × log 0.25 = 20 × (−0.602) = −12.04

Kilele kiko karibu desibeli −12, hivyo nafasi iliyobaki ni desibeli 12. Kwa usalama acha desibeli 1 na uongeze 11.

Kumbuka vipimo viwili. Kuongeza desibeli 6 ni karibu sawa na kuzidisha kilele kwa 2. Lakini sikio halihesabu hivyo: kwa watu wengi, sauti huonekana kuwa kubwa maradufu inapoongezwa kiasi cha desibeli 10.

Je, ukivuka dari? Sehemu ya wimbi iliyozidi hukatwa ikawa bapa. Utaisikia kama sauti iliyopasuka. Ukishahifadhi faili likiwa hivyo, kupunguza sauti baadaye hakurudishi kilichokatwa. Utapata sauti ndogo iliyopasuka.

5. Sababu kuu na tiba zake

5.1 Kipaza sauti kilikuwa mbali

Mzungumzaji alikuwa mita kumi kutoka kwenye kamera, nayo ilitegemea kipaza sauti chake kidogo cha ndani. Katika uwanja wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika hupungua kwa karibu desibeli 6. Ndani ya ukumbi mwangwi hubadilisha hesabu hiyo, lakini mwelekeo ni uleule.

Tiba: ongeza sauti kwenye programu ya kuhariri. Ujue, hata hivyo, kwamba ukiongeza risala kwa desibeli 12, mngurumo wa feni na minong'ono ya watu navyo vinapanda kwa desibeli 12. Uwiano kati ya sauti na kelele haubadiliki. Tiba ya kweli ni kusogeza kipaza sauti karibu siku ya kurekodi.

5.2 Vilele vichache vinaziba nafasi

Programu nyingi zina amri ya kusawazisha kiwango. Amri hiyo hutafuta kilele kirefu kuliko vyote kwenye faili, kisha hupandisha faili zima hadi kilele hicho kikaribie 0. Ni amri nzuri, ila ina mtego. Kama kuna vigelegele au kishindo kimoja ambacho tayari kimefika 0, programu itaona hakuna nafasi na haitaongeza chochote, hata kama saa nzima ya hotuba ni ndogo.

Tiba: shughulikia sehemu kwa sehemu. Punguza vigelegele, pandisha hotuba. Au tumia kifaa cha programu kinachobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kisha ndipo usawazishe. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, inaweza kufanya kazi zote hizi.

5.3 Namba ya kiwango cha mazungumzo

Sauti ya Dolby Digital hubeba ndani yake namba inayoiambia deki mazungumzo yako kwenye kiwango gani. Namba hiyo huitwa dialnomu, nayo huanzia −1 hadi −31. Deki hupunguza sauti kwa kufuata namba hiyo:

Upungufu = 31 − namba (bila alama ya hasi)

Ikiwa namba ni −31, deki haipunguzi kitu. Ikiwa ni −27, ambayo programu nyingi huiweka zenyewe, deki hupunguza desibeli 4. Ikiwa mtu ameweka −20, deki hupunguza desibeli 11, na hapo mtazamaji ataona tofauti kubwa.

Dalili yake: faili lililohaririwa ni zuri, lakini DVD ni ndogo kwenye deki. Kwenye kompyuta huenda ikasikika vizuri, kwa kuwa baadhi ya programu za kuchezea video haziifuati namba hiyo.

Tiba: simba upya ukiweka −31, au tumia sauti isiyobanwa, ambayo haina namba hii. Sauti isiyobanwa inakula nafasi: saa 2 huchukua karibu GB 1.38 kati ya GB 4.7 za DVD ya tabaka moja.

5.4 Chaneli sita kwa spika mbili

Sauti ya 5.1 ina chaneli sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi. Katika filamu mazungumzo kwa kawaida huwekwa katikati. Ikiwa deki imeambiwa kwamba kuna spika sita, nawe umeunganisha waya mbili tu za kushoto na kulia, chaneli ya katikati haina pa kutokea. Utasikia muziki na vishindo, lakini maneno yatakuwa mbali.

Tiba: kwenye menyu ya deki chagua spika mbili, ili deki ichanganye chaneli zote kwenye hizo mbili. Kwa video ya nyumbani simba sauti ya chaneli mbili tangu mwanzo. Kamera yako haikurekodi chaneli sita.

5.5 Mawimbi yanayofutana

Hii ni kasoro inayowashangaza hata mafundi. Baadhi ya vipaza sauti hupeleka sauti kwa nyaya mbili zenye mawimbi yaliyopinduka: moja likipanda, lingine linashuka. Ukichomeka waya wa namna hiyo moja kwa moja kwenye tundu la stereo la kamera, chaneli ya kushoto inakuwa kinyume cha ya kulia. Ukisikiliza kwa hedifoni utasikia sauti, ingawa itakuwa kama haina mahali inapotokea. Lakini kwenye TV yenye spika moja, chaneli hizo hujumlishwa. Kumbuka somo la mawimbi: +A na −A zikijumlishwa ni sifuri. Maneno yanakaribia kutoweka.

Jaribio: zima chaneli moja kwenye programu ya kuhariri. Ikiwa sauti inaongezeka baada ya kuondoa nusu yake, umempata mwizi.

Tiba: pindua wimbi la chaneli moja, au futa chaneli moja na unakili iliyobaki pande zote mbili.

5.6 Waya na mipangilio ya TV

Waya za kawaida za deki zina rangi tatu: njano ni ya picha, nyeupe ni sauti ya kushoto na nyekundu ni sauti ya kulia. Plagi iliyolegea au iliyoingizwa kwenye tundu lisilo lake hupunguza sauti au huitoa upande mmoja tu. Angalia pia kama sauti ya deki yenyewe imeshushwa kwa rimoti. Jaribio la 1 litakuonyesha kasoro hizi mapema kuliko zote, ndiyo maana linatangulia.

6. Turudi kwenye mahafali

Matokeo ya majaribio yalikuwa haya: DVD ya dukani ilisikika vizuri kwenye deki, DVD yako ilikuwa ndogo kwenye deki na kwenye kompyuta, faili lililohaririwa lilikuwa dogo, faili asilia nalo lilikuwa dogo. Mpaka uko mwanzoni kabisa, kwenye kurekodi. Deki, waya, diski na usimbaji havina hatia.

Ukipima faili asilia unakuta vigelegele vimefika 0, wakati vilele vya risala viko −18. Sasa unaelewa kwa nini amri ya kusawazisha haikusaidia: ilikuta dari imeshaguswa.

Tiba: pandisha sehemu ya risala kwa desibeli 12, ifike −6. Punguza vigelegele kwa desibeli 6, navyo vifike −6. Sikiliza kama kelele ya feni inavumilika. Kisha choma diski moja ya DVD-RW, ambayo inaweza kufutwa na kuandikwa tena, uijaribu kwenye deki mbili tofauti. Ikikubali, ndipo uchome nakala 30.

Angalizo: fanya kazi kwenye nakala, na usifute faili asilia hadi kila mzazi apate diski yake. Mahafali hayarudiwi. Risala iliyorekodiwa kwa sauti ndogo bado inaweza kupandishwa. Risala iliyopasuka kwa kuvuka dari, huku asilia ikiwa imefutwa, imepotea.

7. Namna ya kujibu swali la kutafuta hitilafu

Mtahiniwa dhaifu huorodhesha tiba: "Nitaongeza sauti, nitabadilisha waya, nitachoma upya." Mtahiniwa mzuri huonyesha fikra. Fuata mpangilio huu: taja dalili, taja hatua zinazohusika, eleza jaribio moja, sema kila tokeo la jaribio lina maana gani, taja chanzo, toa tiba, eleza utakavyothibitisha kwamba tiba imefanya kazi.

Swali: DVD iliyochomwa nyumbani inasikika vizuri kwenye kompyuta lakini ina sauti ndogo kwenye deki. DVD ya dukani haina tatizo kwenye deki hiyo. Eleza chanzo kimoja kinachowezekana na tiba yake.

Jibu la mfano: Kwa kuwa DVD ya dukani inasikika vizuri, waya na TV ni vizima. Kwa kuwa diski inasikika vizuri kwenye kompyuta, rekodi yenyewe si ndogo. Huenda namba ya kiwango cha mazungumzo iliwekwa juu mno wakati wa kusimba, nayo deki inaifuata wakati programu ya kompyuta haiifuati. Tiba ni kusimba upya kwa namba −31. Nitathibitisha kwa kucheza diski mpya kwenye deki ileile bila kubadilisha sauti ya TV.

8. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mikwaruzo kwenye diski haisababishi sauti kuwa ndogo?
2. Dialnomu ya diski ni −24. Deki itapunguza desibeli ngapi?
3. Kilele cha faili ni 0.5 ya kiwango kamili. Nafasi iliyobaki ni desibeli ngapi?
4. Dakika 90 za sauti isiyobanwa ya chaneli mbili zinachukua GB ngapi kwenye DVD?
5. Ukizima chaneli moja, sauti kwenye TV ya spika moja inaongezeka. Eleza kwa nini.

Majibu

1. Diski hubeba tarakimu. Zisiposomeka, sauti hukatika au picha huganda, ila ukubwa wa sauti haubadiliki.
2. 31 − 24 = desibeli 7.
3. 20 × log 0.5 = −6.02, nafasi ni karibu desibeli 6.
4. 1,536,000 × 5,400 ÷ 8 = baiti 1,036,800,000, yaani karibu GB 1.04.
5. Chaneli mbili zilikuwa na mawimbi yaliyopinduka, zikawa zinafutana zilipojumlishwa. Moja ilipoondolewa, iliyobaki ikasikika.

Kama umekosa swali la 1 au la 5, rudia sehemu ya 3 na ya 5.5 kabla ya kuendelea na mada inayofuata.